Kapusi ka bure kanakuja na fakitire

Mara mingi ku ukurasa huu tunazungumuza mushahara, masaa ya ziada, kasko na buti za kazi. Leo nitazungumuza kapusi. Musicheke mbiyo. Kapusi kangu ka kwanza kalinikula dolare 1 mu dawa, na kalikufa mu mikono ya binti yangu. Kapusi ka pili kalinikula dolare 137, na leo kanalala juu ya mufuko wa bunga sawa mulinzi wa depo. Kati ya ile dolare 1 na hizi 137 muko mafundisho yote ambayo nataka kuwapa.

Neno moja mbele ya kuanza. Mu vitabu vya shule wanaandika «paka». Lakini kwetu huku «paka» ni kusema «tu»: ninakunywa paka maji, niko paka mimi. Kwa hiyo nitaandika pusi, vile tunasema ku nyumba.

Panya njo iliita pusi

Mu nyumba ya mufanyakazi, pusi haiingii kwanza juu ya upendo. Inaingia juu ya panya. Wazee wetu wa Union Minière, kiisha wa Gécamines, walikuwa wanapokea posho: mufuko wa bunga kila mwezi. Pahali penye mufuko wa bunga, panya inajua njia. Leo wengi wetu hatupati tena posho. Mufuko tunaununua sisi wenyewe, na kila kikombe kinachokuliwa na panya kinatoka mu mufuko wetu wa suruali.

Kuko wenye kununua sumu ya panya ku barabara. Mimi pia niliinunua. Lakini ile sumu iko hatari kwa mutoto anayetambaa, na iko hatari kwa pusi yenyewe: panya inakula sumu, inatembea kwa ulegevu, pusi inaikamata na kuikula, kiisha sumu inaingia mu damu ya pusi. Kwa hiyo chagua moja. Kama unaleta pusi, ondoa sumu mu nyumba na mu lupango. Viwili havikai pamoja.

Dolare 1 ya soko

Binti yangu alikuwa na miaka 9. Siku moja ya mvua alirudi na kapusi ndani ya sweta. Mama mumoja mujane wa avenue yetu alikuwa na pusi iliyozaa tupusi tune, na alikuwa anatugawa.

«Papa, ni ka bure,» binti alisema.

Mi niliuliza paka neno moja: «Kanakula nini?» Sikuuliza kana wiki ngapi. Sikuuliza kama kamekwisha kuona munganga. Sikuuliza kitu juu neno «bure» lilikuwa limeziba masikio yangu.

Kapusi kalikuwa kadogo sana, na viroboto vilikuwa vinakimbia mu manyoya sawa mchwa. Mama wa watoto akasema viroboto vitaingia mu kitanda. Nikaenda ku soko, nikaona kachupa kenye picha ya mbwa. Muuzaji akaniambia: «Papa, mbwa ao pusi, kiroboto ni kiroboto.» Nikalipa dolare 1. Nikakanyunyizia mugongo muzima, kiisha nikaenda ku kazi, posti ya usiku.

Asubuhi nilikuta kapusi kanatetemeka mwili wote, mate yanatoka, macho yamefunguka. Saa sita ya muchana haikufika. Binti yangu alikuwa amekabeba mu kitambaa, na hakunisemesha mupaka siku ya pili.

Nyuma, munganga wa banyama alinielezea. Mu dawa mingi za viroboto za mbwa muko permetrini. Mwili wa mbwa unaweza kuivunja. Mwili wa pusi hauwezi, na ile dawa inashika mishipa yake ya fahamu. Kwa kapusi ka wiki chache, kidogo tu kinatosha kuua. Akaniongezea ingine: parasetamoli, ile ambayo sisi tunakula kichwa kikituuma, inaua pusi vilevile. Usiipe pusi kidonge cha mutu hata nusu.

Nilisikia haya. Mimi niko mutu wa sendika. Kila juma ninawaambia vijana ku kazi: soma etiketi mbele ya kufungua bidon, usimimine produi ambayo haujui. Na mu nyumba yangu nilimimina produi juu ya kitu kinachopumua, juu ya picha ya mbwa na maneno ya muuzaji.

Safari ine, fakitire mbele ya macho

Kiisha miezi, pusi ya yule mama ikazaa tena. Binti yangu hakuomba. Ni mimi niliyemuuliza kama anataka ingine. Akanijibu kwa ulizo: «Papa, hii itaona munganga mbele?»

Tulikaa mezani, mama wa watoto akachukua bic na daftari ya matumizi. Nitawapa hesabu ile ginsi ilivyokuwa kwetu. Bei hizi ni za munganga mumoja, mu muji mumoja wa mugodi. Kwako zinaweza kupanda ao kushuka. Kitu ambacho hakibadiliki sana ni mupango wa safari.

*Safari ya kwanza, wiki ya 8.* Mbele ya wiki 8, acha kapusi na mama yake. Maziwa ya mama yanakalinda, na kanajifunza kuishi. Siku ile munganga alikapima: macho, masikio, meno, tumbo, uzito, joto. Kapimo kale kalikuwa dolare 10. Dawa ya minyoo, dolare 3. Dawa ya viroboto ya pusi kweli, iliyopimwa kwa uzito wake, dolare 5. Chanjo ya kwanza ya pamoja, dolare 15. Jumla: 33.

Wengi wanauliza: minyoo ya nini, na kapusi kangali kadogo hivi? Minyoo inaingia na maziwa ya mama. Tupusi twingi tunaipata njia hiyo. Tumbo linavimba sawa ngoma, mugongo unabaki mifupa. Na mayai ya minyoo ile yanatoka mu mavi, yanakaa mu udongo wa lupango, pahali watoto wanacheza na kutia vidole mu kinywa. Kwa hiyo dawa ya minyoo ya kapusi iko pia dawa ya watoto wako. Inarudiwa: mara mingi wanganga wanaitoa kila wiki mbili kapusi kakiwa kadogo kabisa, kiisha kila mwezi mupaka miezi 6. Ile ya kila mwezi unaweza kuitoa wewe mwenyewe ku nyumba, kama munganga amekuonyesha kipimo.

Chanjo ya pamoja inalinda magonjwa tatu. Kwanza ile wanayoita tifusi ya pusi: kapusi kanatapika, kanaharisha, hakakuli tena, na mu siku chache kanakufa. Haiko tifoide ya watu, na haitushiki sisi. Lakini inakaa mu nyumba miezi mingi, hata kiisha kufagia. Kama kapusi kako kalikufa na ugonjwa ule, usilete kengine mu mwezi uleule bila chanjo. Zingine mbili ni za mafua ya pusi, koriza: macho yanafungwa na usaha, pua inaziba, na pusi isiyosikia harufu inakataa kukula.

*Safari ya pili, wiki ya 12.* Chanjo ya pamoja mara ya pili, dolare 15. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ile wengi wanaita raje, dolare 10. Minyoo, dolare 3. Jumla: 28.

Hapa mama wa watoto alisimamisha bic. «Tena ileile? Tulikwisha kulipa.» Mimi pia niliwaza munganga anatuibia. Lakini haiko vile. Kapusi kangali na kinga iliyotoka mu maziwa ya mama, na kinga ile inaweza kuzuia chanjo isishike. Hakuna anayejua ni siku gani kinga ya mama inaisha mu kapusi hiki ao kile. Kwa hiyo chanjo inarudiwa kila wiki tatu ao ine mupaka wiki 16. Anayelipa ya kwanza na kuacha zingine anaweza kuwa ametupa makuta yake ya kwanza.

*Safari ya tatu, wiki ya 16.* Chanjo ya pamoja ya mwisho, dolare 15. Minyoo, dolare 3. Jumla: 18.

*Safari ya ine, mwezi wa 5.* Operasio ya kufunga uzazi, pamoja na usingizi na dawa za kidonda: dolare 50. Pusi yetu ni ya kike. Kwa dume mara mingi bei inashuka, juu kazi ya munganga ni fupi, hafungui tumbo.

33, na 28, na 18, na 50: inafanya 129. Moto ya kwenda na kurudi, dolare 2 kila safari, mara ine: 8. Yote pamoja 137. Tuliigawa mu miezi: karibu dolare 27 kila mwezi, miezi mitano. Kiisha pale mwaka unaofuata inabaki kurudia raje na chanjo ya pamoja, pamoja na dawa ya minyoo.

Kwangu, dolare 137 ni karibu minervale ya mutoto wangu mukubwa kwa trimestre moja. Siwezi kukuambia ni kidogo. Ninakuambia tu: uijue mbele, kabla mutoto hajamupa kapusi jina. Kiisha jina, hautaweza tena kukatala.

Kama makuta haitoshi, nini inatangulia?

Nilimuuliza munganga ulizo la mufanyakazi: «Dokta, mutu akiwa na dolare 20 tu, afanye nini?» Hakukasirika. Alinipa mupango, na mi niliuandika.

Kwanza, raje. Kwa familia, hii ni ya kwanza, juu ni ugonjwa unaotoka ku nyama na kuua mutu. Inatolewa kuanzia wiki 12. Mupaka siku ile, kapusi kakae ndani, mbali na mbwa za barabara.

Pili, minyoo. Dawa ni ya bei ndogo na inalinda watoto.

Tatu, chanjo ya pamoja. Kapusi kasikokuwa nayo kanaweza kupona kwa bahati, lakini tifusi ikiingia mu avenue, inafagia.

Ine, operasio. Bei yake ni kubwa, lakini iko na miezi ya kujitayarisha. Lakini usingoje sana. Pusi ya kike inaweza kushika mimba tangu miezi 4 ao 5. Inabeba karibu miezi 2, inazaa tupusi tune ao zaidi, na inaweza kurudia mara mbili ao tatu mu mwaka. Anayekataa dolare 50 leo, mwisho wa mwaka yuko na tupusi kumi mu lupango, na watu wanatutupa mu mufuko karibu na muto. Watoto wanaona.

Viroboto, kama makuta hakuna kabisa, usiguse kachupa ka mbwa. Chana kapusi na kitana chenye meno ya karibu, tia viroboto mu maji ya sabuni, fua vitambaa pahali kanalala na uvianike ku jua kali. Ni kazi ya kila siku, lakini haiui.

Na kama hata raje haiwezekani? Hapa nitasema wazi, hata kama utakasirika. Usilete kapusi mwezi huu. Ngoja. Bunga, itie mu pipa lenye kifuniko. Kungoja si aibu.

Raje si habari ya mbwa tu

Ku dunia, shirika la afya la ulimwengu (OMS) linahesabu kwamba raje inaua watu karibu 59.000 kila mwaka, wengi zaidi mu Afrika na Azia. Karibu watu 40 mu 100 wanaokufa ni watoto wasiofika miaka 15. Karibu mara zote ni mbwa anayeleta ugonjwa ku mutu. Lakini pusi inatembea usiku, inapigana, inaumwa na mbwa mwenye ugonjwa, kiisha asubuhi inarudi kulala mu miguu ya mutoto. Mate yake yanatosha: kuuma, ao kukwaruza pamoja na mate, ao kulamba kidonda.

Ugonjwa huu, alama zake zikitokea mu mutu, karibu hakuna anayepona. Lakini mbele ya alama, mutu anaokoka kama anatunzwa mbiyo. Tangu 1885, wakati Louis Pasteur alitoa chanjo kwa kijana Joseph Meister aliyeumwa na mbwa, dunia inajua hivyo. Pasteur alikufa tarehe 28 septemba 1895, na kila mwaka tarehe 28 septemba njo Siku ya dunia ya kupigana na raje.

Kwa hiyo kama pusi ao mbwa ameuma ao kukwaruza mutoto, fanya hivi. Osha kidonda na maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Tazama saa, usikisie. Usitie mafuta ya gari, pilipili, wala majani. Kiisha enda ku hopitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Chanjo ya mutu inatolewa mara kadhaa, kwa siku zilizopangwa, na usiiache katikati. Pusi ama mbwa ule, usimuue na kumutupa. Kama inawezekana kumufunga bila hatari, munganga atamuangalia siku 10. Kama siku 10 zimepita na angali muzima, hakukuwa raje mu mate yake siku aliyouma.

Sasa ninarudi ku kazi yangu ya sendika. Code du travail yetu ya 2002 inamupa mwajiri muzigo wa kutunza afya ya mufanyakazi na familia yake. Chanjo ya kapusi haimo, na musiende kuomba bon ya hopitali kwa pusi: nilijaribu kuliuliza kwa muchezo, na mama wa guichet alicheka mupaka machozi. Lakini mutoto aliyeumwa, yeye yumo. Ninyi madelege, ku mukutano ujao na mwajiri ulizeni neno hili: chanjo ya raje ya watu iko leo mu farmasi ya hopitali yetu, ao itatafutwa siku mutoto ataumwa? Uliza sasa, wakati hakuna anayelia. Na jibu liandikwe mu pevé.

Nyumba nane na munganga mumoja

Dolare 137 ilinifanya kuwaza. Ku kazi, tunapotaka kitu ambacho mutu mumoja hawezi, tunafanya nini? Tunajikusanya. Juu ya nini ku nyumba kila mutu apande moto peke yake na kapusi mu kartoni?

Nilirudi kwa munganga. Akanielezea kitu ambacho sikujua. Chanjo ya raje kuko inayokuja mu kachupa ka dozi 1, na kuko ka dozi 10. Kachupa ka 10 kakifunguliwa, hakakai. Kanapaswa kuisha siku ileile. Ikiwa nyama moja tu inakuja, munganga hawezi kukafungua bila kupoteza. Ikiwa zinakuja kumi, bei ya kila moja inashuka.

Basi tukahesabu mu avenue. Tulipata nyumba nane zenye pusi ambazo hazikupata raje hata mara moja. Wenye mbwa wawili wakajiunga. Pusi 8 na mbwa 2: kumi juste. Tukafanya kikelemba: dolare 3 kila juma, majuma mane, kwa kila nyumba yenye pusi, na wenye mbwa walitoa fungu lao. Mutunza feza tulimuchagua yule mama mujane, juu kila mutu anamuamini.

Munganga alikuja siku ya mungu kiisha misa. Alikuwa na sanduku ya baridi yenye barafu. Hili ni jambo la kuangalia: chanjo inapaswa kukaa mu baridi ya digri 2 mupaka 8, tangu kiwanda mupaka shindano. Mu miji yetu umeme unakatika. Usione haya kuuliza: «Dokta, hii chanjo ililala wapi usiku?» Munganga wa kweli atafurahi kukujibu. Anayekasirika, angalia vizuri. Chanjo iliyopata joto ni maji tu, na mutu anayeichoma ameuza maji kwa bei ya dawa.

Alikaa chini ya mwembe, meza ya wachezaji wa karata ikawa meza ya hopitali. Pusi zilikuja mu mifuko ya mupunga, mu vikapu, moja mu ndoo yenye kifuniko cha sufuria. Watoto walishika mustari. Kila pusi ilipata kapimo, raje na dawa ya minyoo. Kama mutu angeenda peke yake, ingekuwa kapimo 10, raje 10, minyoo 3 na moto 2: dolare 25. Sisi tulilipa safari ya munganga pamoja, dolare 30 kwa nyama kumi, ni kusema 3 kila moja. Raje ilishuka mupaka 6. Minyoo ilibaki 3. Dolare 12 mahali pa 25.

Kila mutu alipewa kakitabu ka chanjo, chenye tarehe, jina la dawa, etiketi ya kachupa na sahihi ya munganga. Kakitabu kale kaweke pamoja na karatasi za watoto. Bila kakitabu, mwaka ujao utaanza tena ku zero, na siku pusi itauma mutu, hautakuwa na kitu cha kuonyesha hopitali.

Kiisha kazi, munganga alifunga sanduku, akauliza: «Hizi pusi zote zinafanana. Zinatoka wapi?» Watu wakatazamana. Zote zilikuwa na madoa mamoja, mweupe na mweusi, na mukia mufupi. Yule mama mutunza feza akainamisha kichwa. Pusi yake njo ilikuwa inatuzalia avenue muzima, na yeye hakuwa na dolare 50 za operasio.

Hakuna aliyemukaripia. Muzee mumoja, mustaafu wa shimo, akasema: «Mama, sisi wote tulikula ka bure yako. Sasa tulipe.» Nyumba nane, dolare 6 na kidogo kila moja. Juma lililofuata pusi ile ilifanyiwa operasio, na tangu siku ile mu avenue yetu hakukuzaliwa tena tupusi twa kugawa.

Kabla ya kusema ndiyo

Wewe mwenye mutoto ambaye leo jioni atarudi na kitu kinacholia ndani ya sweta, uliza haya, mu mulango, mbele ya kumuruhusu kuingia.

Kana wiki ngapi? Kama hakajafika 8, karudi kwanza kwa mama yake.

Kanakula kenyewe, macho yako safi, tumbo halikuvimba, hakaharishi? Kapusi kadogo kasikokula siku muzima, ni kwa munganga, usingoje kesho kutwa. Na usikape maziwa ya ngombe: tupusi twingi yanatuharisha.

Mama yake alipata raje? Nyumba kalipotoka, kuko kapusi kalikokufa karibuni?

Nani atasafisha mavi yake kila siku? Asiwe mama mwenye mimba. Mu mavi ya pusi munaweza kuwa kadudu ka toksoplasmozi, ambako kanaweza kuumiza mutoto mu tumbo. Kanahitaji siku moja ao zaidi mbele ya kuwa na nguvu ya kuambukiza, ndiyo sababu kusafisha kila siku kunasaidia. Si lazima kufukuza pusi juu ya mimba. Mwengine asafishe, wote wanawe mikono, na nyama ya kukula iive vizuri.

Na la mwisho: dolare za miezi mitano zitatoka wapi? Andika mu daftari. Kama daftari inasema hapana, piga hodi kwa jirani. Pengine yeye pia iko na pusi bila kakitabu, na anawaza yuko peke yake.

Ku Lubumbashi, Université iko na fakilte ya wanganga wa banyama. Mu miji ingine ya migodi, uliza ku ofisi ya serkali inayoangalia mifugo nani yuko na ruhusa ya kuchoma chanjo. Usimupe shindano la pusi yako mutu yeyote anayepita na sakoche.

Kapusi ketu kako na mwaka moja na miezi miwili. Binti yangu anajua tarehe ya raje inayofuata kuliko anavyojua tarehe ya mutihani wake. Ameiandika ku ukuta wa jikoni na kaa, karibu na mufuko wa bunga. Mama wa watoto alitaka kuifuta, nikamuambia aache.